Miaka 60 ya Legio Maria, Kanisa Lisilowafukuza Wafu Wake

Mwaka huu inatimia miaka 60 tangu Legio Maria iandikishwe rasmi nchini Kenya, mwaka 1966. Kutoka Msimbati, kwetu Mtwara, hadi Got Kwer, kilima kitakatifu cha kanisa hilo kule Migori, ni mwendo wa nchi nzima na mpaka juu yake, na wengi wetu huku Kusini hatujawahi kusali na muumini wake hata mmoja. Tunalipongeza hata hivyo, kwa moyo mweupe, kwa sababu limejibu mchana kweupe swali ambalo sisi wa mlango wa Ruvuma tunalijibu uani, usiku: mtu akishazikwa, kazi yake imekwisha?

Jina la kanisa hilo lilitokana na Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Edel Quinn, binti wa Ireland, ndiye aliyekieneza Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1936 mpaka alipofia Nairobi mwaka 1944. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Nyanza, Wakatoliki wengi Wajaluo walimfuata Simeo Ondeto pamoja na mama mmoja waliyemwita Mama Maria. Kwa waumini, Ondeto ni Masiya aliyewajia akiwa Mwafrika, na Mama Maria ni Bikira mwenyewe. Walijitenga na Roma lakini wakashika misa ya Kilatini, rozari na maji ya baraka, nao wakampata papa wao, Timothy Joseph Blasio Atila.

Mama Maria alifariki mwaka ule ule wa 1966. Ondeto alimfuata tarehe 5 Septemba 1991, na Got Kwer ndiko alikozikwa. Wengi walitazamia kwamba mwenye watu akiondoka, watu nao watatawanyika. Hawakutawanyika. Kila Septemba mahujaji hupanda kilima kile kwa kanzu na vilemba vya rangi mbalimbali, rozari shingoni, miguu mitupu mahali patakatifu. Rangi ya kanzu mtu huweza kuagizwa ndotoni. Waliotangulia huja kwa ndoto, huja kwa maono, na huja kwa vinywa vya walio hai wanaoshukiwa na roho katikati ya ibada. Si waanzilishi peke yao: Nancy Schwartz, mwanaanthropolojia aliyewachunguza kwa karibu, aliandika mwaka 2000 jinsi wanawake wa Kijaluo na Kiluhya wanavyoendelea kutenda mambo baada ya kufa, kuponya, kuonya, kudai haki zao.

Wala si kwamba kila sauti hupokelewa. Kutoa pepo wachafu ni moja ya kazi kubwa za Legio Maria, na anayezungumza kwa kinywa cha mgonjwa hukabiliwa kwa sala mpaka ajulikane ni wa upande gani. Hili ndilo tunalowapongeza kuliko yote. Wamekubali kwamba roho zipo na zinasema, kisha wakaziweka chini ya macho ya jamaa nzima.

Hapa kwetu je? Kuanzia Msimbati na Ruvula mpaka Madimba kuna nyumba ambazo mtu akiugua ugonjwa usioeleweka huitwa fundi, yaani mganga wa pepo. Kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo, hukalishwa mkekani, hufunikwa shuka, chetezo cha ubani hupitishwa chini yake, ngoma huanza taratibu. Pepo akipanda huulizwa jina, atokako na anachotaka. Huenda akataka pete, huenda marashi, huenda akalalamika tu kwamba amesahauliwa. Asubuhi mkeka unakunjwa na hakuna anayelitaja jambo hilo mbele ya shehe wala padri. Mgonjwa anabaki na siri, na fundi mlaghai akimtoza mbuzi wa tatu hakuna wa kumshtaki. Siri hiyo ndiyo inayotuumiza, kuliko pepo.

Na wasomi wasidhani haya ni mambo ya Afrika tu. Wafuasi wa Cao Dai kule Vietnam, dini inayotimiza miaka 100 mwaka huu, wamemweka miongoni mwa watakatifu wao Victor Hugo, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1885, kwa kuwa, kwa imani yao, roho yake ilizungumza nao katika vikao vyao vya kuita roho.

Tukirudi kwa Legio Maria, lipo deni moja ambalo sherehe haitalifuta. Mwaka 1963 aliyewavuta maelfu alikuwa Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na watoto wake wawili siku moja, akasimama akazunguka vijijini akibatiza na kuwataka watu watupe hirizi. Baadaye aliondoka kanisani, na altare ikabaki ya wanaume. Kanisa linalosikiliza wanawake waliokufa halina sababu ya kuwaweka kando walio hai, na jubilei hii ni wakati mzuri wa kulitaja jina la Aoko kwa sauti kubwa.

Kwa wana-Legio tunasema hongereni. Kwa wenzetu wa Mtwara tuna ombi: maafisa utamaduni, walimu, mashehe na mapadri wakae na wazee wa Msimbati waandike majina ya waganga na viti waliotangulia, nyimbo za ngoma zao, na mahali walipozikwa. Wazee wenye kumbukumbu hiyo wanapungua kila msimu, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya daftari na muda wa kusikiliza. Ianze mwaka huu.