Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Hapa Gasenyi mhitimu hukawia kupata barua ya ajira, lakini hakawii kualikwa kuwa "mshauri wa fedha". Ataambiwa hatakuwa na bosi, hatakuwa na saa ya kuingia kazini, na kipato chake hakitakuwa na kikomo. Jambo moja hutajwa harakaharaka: mshahara hakuna, kuna kamisheni. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo, ikija bila mshahara wa msingi, si mwanzo wa taaluma. Ni kampuni kuhamishia hasara yake kwa kijana na ukoo wake.

Tuanze na jina. Mshauri ni mtu anayeweza kukuambia "usinunue". Anayeishi kwa kamisheni peke yake akisema hivyo, analala njaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Chukua bima ya maisha ya miaka 15 inayolipwa kwa faranga zetu. Mwaka 2023 bei nchini Burundi zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mshauri wa kweli angemweleza mteja kwamba fedha atakazopewa mwishoni huenda zikanunua kidogo sana, na kwamba akiuvunja mkataba mapema huenda asirudishiwe hata alichoweka. Muuzaji anayedaiwa kodi ya nyumba atayasema hayo lini?

Pili, hesabu yenyewe. Kwa kawaida kamisheni ya bima ya maisha huwa nono mwaka wa kwanza, kisha hupungua. Kwa hiyo wakala hutafuta watu wapya kila mwezi. Wa kwanza ni nani? Mjomba, shangazi, jirani, mwalimu wake wa zamani. Hao hutia saini kwa mapenzi, si kwa haja. Orodha ya jamaa ikiisha, kijana huondoka, mikataba hubaki kwa kampuni. Nauli na salio la simu alijilipia mwenyewe, katika mji ambao mafuta yakiadimika safari moja humaliza fedha ya chakula.

Wapo watakaonipinga: muuza nyanya wa soko la Ruvumera naye hana mshahara, mbona hatumlilii? Kweli, na kuuza si aibu. Lakini nyanya mteja huishika na kuigeuza kabla ya kulipa. Ikiwa mbovu, kesho atahamia meza nyingine. Mkataba wa miaka 15 haugeuzwi mkononi. Tena muuza nyanya hajiiti daktari wa lishe.

Wengine watasema hatuna cha kuchagua. Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu njaa haingoji. Basi anayekwenda na aulize mambo matatu: Mwaka wa pili nitalipwa kiasi gani? Mteja akiacha kulipa, nitadaiwa kamisheni niliyokwisha kupokea? Walioanza mwaka jana, wangapi bado wapo? Kampuni inayokwepa maswali hayo imekwisha kujibu.

Wala sidai jambo lisilowezekana. Tangu tarehe 31 Desemba 2012, Uingereza iliwakataza washauri wa uwekezaji kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni ambazo bidhaa zake wanazipendekeza kwa wananchi. Mteja humlipa mshauri ada iliyo wazi. Bima za kawaida hazikuguswa, lakini kanuni ni hiyo hiyo: ushauri ulipwe na anayeshauriwa. Nasi tuanze na hatua ndogo. ARCA, inayosimamia bima nchini, ihakikishe kila mteja anaonyeshwa kamisheni ya wakala kabla ya kutia saini.

Nasi tunaosoma Kiswahili tujue thamani yetu. Kampuni zinatutaka kwa sababu tunaweza kuongea na wafanyabiashara wa Buyenzi, wa Uvira na wa Kigoma. Ulimi huo ni mtaji. Anayeutaka atoe mshahara wa msingi, hata ukiwa mdogo, kisha kamisheni ije juu yake.