Wamepiga Kura 72%, Vitabu Bado Vimefungwa

Wasee, leo tugombane kidogo kuhusu Diana DiZoglio. Huyu ni mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Massachusetts, Marekani, na kule mkaguzi hateuliwi. Anaomba kura kama gavana.

Mwaka 2022 aliahidi: nikiingia, nakagua Bunge la jimbo. Akaingia, akabisha mlango. Wakubwa wa Bunge wakamwambia Katiba haimruhusu, halafu eti wao tayari wanalipa mkaguzi wao. Hebu fikiria, mwanafunzi anajisahihishia mtihani! Mwanasheria Mkuu wa jimbo naye akasema sheria haimpi nguvu hiyo.

Basi akaenda kwa wenye pesa. Novemba 2024 wananchi wakaulizwa kwenye karatasi ya kura: Bunge likaguliwe ama lisikaguliwe? Karibu 72% wakasema likaguliwe. Mwaka mzima baadaye, Bunge lilikuwa bado limekaza.

Wanaomponda wanasema ana kisasi na anatafuta kiki. Kisasi gani? Mwaka 2011 alikuwa msaidizi wa mbunge mlemle Bungeni. Uvumi ukazuka juu yake, uchunguzi haukupata kitu, na bado akafutwa. Akapewa pesa kidogo za kuondoka kwa sharti afunge mdomo. Akarudi 2013 kama mbunge, na 2018 akasimama mbele ya wenzake akasema yote, mkataba wake aliotia sahihi ukibaki hukohuko. Sasa anataka kujua pesa za umma zimenyamazisha wangapi. Hicho si kisasi, ni kujua mahali pa kuchimba. Tena yeye ni Democrat na Bunge limejaa Democrat wenzake, so usiniambie ni vita vya vyama.

Hoja yao moja ndiyo ina uzito: alikuwa Bungeni miaka kumi, atajikaguaje? Sawa, hiyo miaka yake wape mtu mwingine akague. Lakini kufunga kabati lote? Zii. Na kiki, acha apate. Afadhali anayetafuta kura kwa risiti kuliko anayezitafuta kwa harambee.

Hapa kwetu Rais anamteua Mkaguzi Mkuu, Bunge la Taifa linaidhinisha, anakaa miaka 8 na harudi. Kifungu 229 cha Katiba kinataja hata hesabu za Bunge. Lakini kila ripoti ikitoka, lazima mtu aseme, "Tungemchagua wenyewe ingekuwa tofauti." Boss, Massachusetts walimchagua, wakapiga kura tena juu ya kazi yake, na funguo bado ziko kwa wanaokaguliwa. Ripoti zetu pia zinapelekwa kwa wabunge, wao ndio waamue watazifanyia nini. Mimi siitaki hiyo kura ya mkaguzi. Nataka sheria ya mstari mmoja: ukikataa kutoa stakabadhi, mshahara wako unasimama siku hiyohiyo, mheshimiwa ama si mheshimiwa.