Uzio wa miti Dar: Haraka ya kuficha nyumba yazaa gharama

WAMILIKI wengi wa viwanja jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, hutafakari kwa miezi kadhaa rangi ya bati na aina ya vigae, lakini mimea ya kuzungushia nyumba huichagua kwa dakika chache mbele ya muuza miche kando ya barabara. Swali huwa moja tu: upi unakua haraka?

Swali hilo limewagharimu wengi. Mfikusi hufunika ukuta kwa muda mfupi, lakini mizizi yake haitambui mipaka iliyoandikwa kwenye hati. Huinua sakafu ya baraza, hupasua ukuta wa jirani na kufuata unyevu hadi kwenye shimo la majitaka. Katika kiwanja chenye upana wa mita 20, mti wa aina hiyo ni ugomvi uliopandwa kwa hiari.

Minyaa, ambayo imezunguka maboma kwa vizazi vingi, huota kwa kipande cha tawi na kustahimili ukame. Kasoro yake ni utomvu mweupe unaounguza ngozi na kudhuru macho; kuipanda kando ya shule ya chekechea ni uzembe. Michongoma huzuia wezi kwa miiba yake, mradi mwenyewe awe tayari kuipogoa kila mara.

Miashoki ndiyo mitindo ya sasa. Kwa kuwa ni mirefu na myembamba, huficha dirisha la ghorofa la jirani bila kumeza kiwanja. Hata hivyo, anayedhani kwamba safu yake moja itamwondolea kelele za malori anajidanganya. Vumbi linapungua, lakini kwa vichaka vyenye majani mengi kuanzia ardhini, nyuma yake ikifuata miti.

Lipo pia suala la maji. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, DAWASA ilitangaza mgao wa maji jijini. Katika hali kama hiyo, uzio unaotegemea mpira wa bomba kila jioni hauna mtetezi. Miche ipandwe masika yanapoanza, ipate mizizi kabla ya kiangazi.

Walio kando ya mito wana hesabu nyingine kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na bomoabomoa iliyoanza Desemba 2015 katika Bonde la Msimbazi ilionyesha kuwa katazo hilo si la kwenye karatasi tu. Upande huo haufai ukuta wa matofali, ambao husukuma mafuriko kwa jirani. Nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3 na zaidi, hushikilia udongo huku maji yakipita.