Nusu Saa Jukwaani

Toleo hili zima tumelitoa kwa michezo mifupi ya kuigiza. Katika pwani yetu hakuna sanaa ya maneno inayochezwa mara nyingi kama hii, wala inayochapishwa kwa nadra kama hii. Kuanzia Bagamoyo mjini, upite Msata na Chalinze mpaka Ubena Zomozi kwenye barabara ya Morogoro, mahafali ya shule hayaishi bila igizo, na kampeni ya afya haifiki kijijini bila igizo. Watu hucheka, wazee humjibu mhusika wakiwa wamekaa pale pale walipo, akina mama hupiga vigelegele mume mlevi anapoumbuka. Kisha madawati yanarudishwa madarasani na maneno yale yanapotea. Ukimuuliza aliyeyatunga, mara nyingi hana hata karatasi moja ya kukuonyesha.

Upotevu huu ni wa siku nyingi. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini kufanya kazi na wananchi kwa njia ya maigizo. Walifika Malya huko Mwanza, wakaja Bagamoyo, wakaenda Msoga, kijiji kisicho mbali na hapa tunapoandikia. Wanakijiji walitaja matatizo yao, wakayatungia michezo, wakacheza wenyewe, kisha wakakaa kujadiliana walichokiona. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991, kitabu cha Kiingereza kinachosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sanaa za maonyesho duniani. Kwa hiyo msomaji wa leo atapata uchambuzi wa michezo ile kwa wepesi kuliko michezo yenyewe. Mimi naona hilo ni deni. Mtu wa Msoga aliyesema jambo kali mbele ya viongozi wake, akalisema kwa Kiswahili kilichopikwa na kuiva, alistahili maneno yake yabaki kama yalivyobaki maneno ya mtaalamu aliyemsikiliza.

Jijini Dar es Salaam nako yalikuwa hayo hayo. Vikundi kama Muungano, DDC Kibisa na baadaye TOT vilijaza kumbi za starehe kwa ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu na vichekesho, vyote katika onyesho moja. Kichekesho kilikuwa na kisa chake, wahusika wake na fundo lake, lakini waigizaji walipewa uti wa mgongo wa hadithi tu, mengine wakayatoa vichwani mwao mbele ya watu. Redioni Pwagu na Pwaguzi walifanya nchi nzima inyamaze isikilize. Ni maandishi mangapi ya kazi hizo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyachukua leo na kuyapeleka darasani?

Wapo wenzangu katika fani wanaosema tuyaache maigizo yalivyo. Wanasema igizo la papo kwa papo lina damu, na ukilichapisha unalikausha. Hoja hii naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wanaopanda jukwaani, lakini Ebrahim Hussein alikwishaijibu. Katika Alikiona, mchezo mfupi uliotoka katika kitabu cha mwaka 1970, aliichukua kanuni ya kichekesho cha mtaani, ile ya ndoa na udanganyifu wake, akaiandika bila kuiondolea kicheko. Mwaka 1976 akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi ndani ya kitabu kimoja chembamba. Humo anampa msimuliaji mmoja kazi ya kubeba jukwaa zima kwa lugha ya kishairi. Hakuna pazia, hakuna maleba ya fahari. Lipo joka, yupo shujaa, na kuna swali la nini kinafuata baada ya joka kufa na shangwe kuisha. Hussein aliyekwisha andika Kinjeketile angeweza kulijaza swali hilo katika mchezo wa saa tatu. Alichagua ufupi, na ufupi ukalifanya swali lizidi kuuma.

Ufupi huo una masharti yake. Mchezo mrefu unaweza kumkaribisha mgeni, ukamweleza ukoo na ugomvi wa zamani, ukampumzisha, ukaendelea. Mchezo mfupi hauna nafasi hiyo. Pazia linapofunguka ugomvi uko tayari umeiva, na kila mtu anayeingia ana jambo analolitaka kwa mwenzake. Kinachobaki nje ya jukwaa kinakuwa na uzito sawa na kinachoonekana.

Chukua mchezo wa kwanza katika toleo hili. Baraza ya nyumba jirani na barabara kuu pale Ubena, mama anapeta mchele, kijana wake amesimama. Wanazungumza habari za shangazi mgonjwa, bei ya mbolea, mvua iliyochelewa. Nje kuna gari linaloungurumishwa mara kwa mara, na mwenye gari hatumwoni mpaka mwisho. Mama anaendelea kupeta. Katikati ya maneno ya mbolea kijana anateleza kidogo, na mama anatambua kwamba shamba limekwisha uzwa na sehemu ya fedha imekwisha liwa. Hapo mwandishi ameandika maneno mawili tu ya maelezo ya jukwaani: Anaweka sinia. Msomaji mwenye haraka atayaruka. Mwigizaji ajuaye kazi yake atakaa siku nyingi na maneno hayo mawili, kwa sababu ule mlio wa mchele tuliouzoea tangu mwanzo sasa umekoma, na hadhira itaelewa kabla mama hajafungua kinywa. Baada ya hapo mama hasemi tena neno lolote la kumlaumu mwanawe. Anamuuliza kama mgeni ameshakaribishwa chai. Nimewasikia watu wakisema mchezo huu haujaisha. Umeisha kabisa. Anayetaka aone mama akilia anautaka mchezo mwingine.

Na hapa nina neno kwa sisi tunaofundisha. Vijana wetu wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Ngoswe ya Edwin Semzaba, wamesoma Kilio Chetu, wamesoma Orodha ya Steve Reynolds. Vyote ni vitabu vyembamba ambavyo darasa lingeweza kuvicheza mchana mmoja na jioni likawa limemaliza. Badala yake huvunjwavunjwa kuwa dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, muundo, mtindo, na kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi anajua kwamba Ngoswe, karani wa sensa, aliacha kazi ikamponyoka kwa ajili ya mapenzi, na kwamba karatasi za sensa zilichomwa moto. Anaweza kuandika kurasa mbili juu ya uzembe kazini. Lakini hajawahi kusimama mahali pa Mzee Mitomingi, balozi aliyempokea mgeni wa serikali kwa heshima zote, sasa anashika karatasi za serikali hiyo hiyo na binti yake hayupo. Je, hasira yake ni kwa Ngoswe, kwa binti, kwa serikali, au kwa nafsi yake? Jibu haliko katika daftari la uchambuzi. Linapatikana mtu anaposhika zile karatasi kwa mikono yake na kutafuta sauti ya kusemea.

Lawama nyingine inawahusu wafadhili, na inatuhusu sisi waandishi tunaopokea fedha zao. Michezo ya ujumbe imefanya kazi kubwa nchini. Twende na Wakati ilipoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 ilizungumza juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI majumbani ambamo baba na mama walikuwa hawajawahi kuyataja, na Kilio Chetu kiliwapa vijana nafasi ya kusema waliyonyimwa kuyasema. Sibezi. Lakini tumezoea sasa igizo linalojua jibu kabla halijaanza: daktari anaingia dakika ya kumi na nane, anahutubia, wote wanaitikia, mchezo umekwisha. Hadhira ya kijijini siyo ya kuhutubiwa hivyo. Watu wa jando na unyago, waliofunzwa mambo mazito kwa fumbo na maigizo, wanaweza kuachiwa fumbo wakalifumbua wenyewe. Miswada iliyotujia ikiwa na daktari wa namna hiyo tumewarudishia waandishi, tukawaomba wamtoe waone kinachobaki. Wachache walikataa. Wengi walituletea michezo bora kuliko ya awali, na miwili kati ya hiyo imo humu.

Tuzo nazo hazijatusaidia. Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imewainua waandishi wa nathari na wa ushairi, nasi tumefurahi nao, ila mlango huo haukumfungukia mwandishi wa jukwaa. Wachapishaji nao wanasubiri kitabu kiingie kwanza katika orodha ya shule. Wakati huo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni hapa Bagamoyo inazidi kutoa waigizaji na waongozaji, vijana wanaotoka chuoni wakitafuta cha kucheza, huku waandishi wakitafuta wa kuwachezea. Jumba la maonyesho la chuo liliteketea mwaka 2002 na chuo hakikufa, kwa hiyo nisiambiwe kwamba tatizo ni majengo. Kila mchezo uliomo humu unachezeka chini ya mwembe, na mingi inahitaji vifaa vinavyopatikana katika nyumba yoyote: kigoda, sinia, kanga, simu, ndoo ya maji.

Tumekubaliana na waandishi wote. Shule, kikundi cha mtaa au chuo chochote kinaruhusiwa kuicheza michezo hii bila malipo mpaka toleo lijalo litoke. Tunaomba mambo mawili. Jina la mwandishi lisomwe kwa sauti kabla ya mchezo kuanza. Na hadhira ikiwajibu waigizaji, mtu mmoja akae pembeni na kalamu aandike ilichosema, atuletee. Kurasa za toleo lijalo tumeziacha wazi kwa ajili hiyo.