Bisibisi ya Upepo Haiji Peke Yake

Karibu kila mwisho wa mwezi tunapokea ujumbe wa namna ileile. Dada yuko Muscat au Riyadh, anafanya kazi za ndani, mshahara umeingia juzi. Kaka yake fundi yuko Mbagala au Kisauni, ametuma sauti ya dakika tatu: kaona video, jamaa anafunga skurubu mia kabla chai haijapoa, anatumia bisibisi ya upepo, na yeye akiipata hiyo tu basi mambo yamenyooka. Dada anatuuliza: ninunue nitume kwa kago, au nimtumie hela anunue huko?

Jibu letu si zuri kulisikia. Usinunue wala usitume hela mpaka umejua vitu vyote vinavyokwenda na hiyo bisibisi, na mpaka huyo anayeomba amekueleza kwa mdomo wake ataifungaje na kuiwasha siku ya kwanza. Akishindwa kueleza, hela ikae benki kwanza. Hatusemi hivi kwa sababu kaka yako mwongo. Tunasema hivi kwa sababu hiki kifaa ukikipata nusu ni hasara, na ukikitumia nusu ni hatari.

Na nyie mlioko saiti na warsha, mnaokabidhiwa hii bisibisi asubuhi bila maneno mawili, msiruke hapa mkadhani ni habari ya akina dada. Ada ya shule ya mtoto kule nyumbani inalipwa na mikono na macho yenu.

Mmoja wetu alifanya kazi miaka kadhaa kwenye warsha ya milango na madirisha ya aluminiamu, Ghuba. Siku ya kwanza msimamizi alimpa bisibisi ya upepo, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, akaondoka zake. Wiki ya pili alitaka kubadilisha ncha. Hakuchomoa mpira wa upepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anauchomoa. Kidole kikagusa kitufe, ncha ikazunguka, ikakamata glavu ya kitambaa, glavu ikazunguka na kidole ndani yake. Wiki tatu hakufanya kazi, na pale kwao siku usiyofanya kazi haikuwa na malipo. Mwezi ule alituma nyumbani nusu ya kawaida. Hakuwaambia sababu, na wao wakadhani ameanza mambo ya mjini.

Sasa tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa.

Bisibisi yenyewe ni ndogo, nyepesi, na mara nyingi si ghali sana. Ndiyo maana inavutia. Lakini haina mota ya umeme wala betri, inaendeshwa na upepo wa kompresa. Kwa hiyo unanunua bisibisi, halafu kompresa, halafu mpira wa upepo, halafu viungio vya kuchomeka na kuchomoa, halafu rejuleta yenye geji, chujio la kuzuia maji, na oili yake. Kwa mshahara wa dada wa kazi hiyo ni miezi, si wiki. Na kompresa inataka umeme wa maana: yenye nguvu ya farasi 2 inakula kama kilowati moja na nusu, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Kijenereta kidogo cha taa na tivii hakiiwashi, kinaguna tu.

Halafu angalia upepo wenyewe. Kwenye kibandiko cha bisibisi au karatasi yake imeandikwa inakula lita ngapi kwa dakika, au futi za ujazo ngapi. Kompresa nayo ina namba yake, ila watengenezaji wengi wanaandika kwa herufi kubwa upepo inaovuta, siyo inaoutoa. Inaoutoa ni mdogo zaidi. Ukinunua kwa namba kubwa ya kwenye boksi, fundi atafunga skurubu kadhaa, kisha asimame asubiri tangi lijae. Hapo anayetumia bisibisi ya betri ameshamaliza mlango na anakunywa soda.

Ndiyo maana maoni yetu ni kwamba fundi anayezunguka nyumba za watu, leo kabati, kesho jipsamu, keshokutwa bati, hahitaji bisibisi ya upepo. Bisibisi ya umeme au ya betri inamtosha. Ya upepo inalipa mahali pamoja penye skurubu nyingi za aina moja siku nzima: karakana ya fenicha, warsha ya aluminiamu. Hapo ubora wake unaonekana, haichoki, haipati moto, na ukiiwekea kipimo cha kukaza inakaza kila skurubu sawasawa.

Kama bado mnataka, angalieni mnanunua nchi gani. Bisibisi ya upepo haijali umeme wa nchi yoyote, hilo ni zuri. Kompresa inajali sana. Ya Marekani ni ya volti 120, hezi 60, nyumbani tuna 230 au 240, hezi 50. Usiibebe. Ya Saudia volti zinakubali lakini hezi ni 60, kwa hiyo mota nyumbani itazunguka polepole na inaweza kuchemka. Oman, Imarati, Qatar na Uingereza umeme unafanana na wetu, lakini mlioko Uingereza jihadharini na zile mashine za saiti zenye plagi ya njano. Ni za volti 110, zinauzwa bei ya kutupa zikishatumika, na ukiichomeka Temeke inaungua palepale. Jambo jingine dogo linalokera: nyuzi za viungio vya Marekani si sawa na za kwingine. Zinaingia mzunguko mmoja na nusu, zinakwama, halafu upepo unavuja. Bisibisi ikitoka Marekani, ije na kiungio cha kubadilishia.

Kompresa iliyotumika? Hapa tutakuwa wakali. Tangi la kompresa linaoza kutoka ndani kwa maji, kwa nje rangi inang'aa. Likipasuka likiwa na upepo si tairi hilo, ni bomu. Kama halina kibandiko cha mtengenezaji chenye presha ya juu inayoruhusiwa, kama lina mahali palipochomelewa upya, kama valvu ya usalama imezibwa au haifunguki ukivuta kipete chake, liache hata ukipewa bure.

Na tafadhali, msimruhusu fundi asambaze upepo karakana nzima kwa mabomba ya plastiki ya maji. Tunajua ni rahisi, tunajua duka liko jirani. Bomba la PVC likipasuka na upepo halichaniki, linavunjika vipandevipande vinavyoruka kama vioo. Mpira wa upepo halisi au bomba la chuma.

Haya, kifaa kimefika. Siku ya kwanza inakwendaje?

Kompresa ikae mahali pakavu penye hewa, mbali na vumbi la mbao. Kabla ya kuchomeka bisibisi, rejuleta irudishwe chini kabisa. Shika mpira, uelekeze mbali na watu, puliza kidogo utoe vumbi na maji yaliyokaa ndani, kwa sababu hayo yote yangeingia kwenye bisibisi. Tia matone mawili matatu ya oili ya vifaa vya upepo kwenye mlango wa bisibisi, kama hakuna kitia-oili kwenye laini. Oili nzito ya injini hapana, inagandisha. Chomeka, sikia kilete mlio wa kukamata, vuta kidogo uhakikishe. Ndipo fungua upepo polepole na upandishe presha.

Bisibisi nyingi zinataka psi 90, yaani kama bar 6.2. Angalia ya kwako. Watu wanakosea kwa kusoma geji wakati kifaa kimelala. Ukibonyeza kitufe sindano inashuka, na hiyo ya kushuka ndiyo presha inayofanya kazi, kwa hiyo pima huku inazunguka. Wengine wakiona skurubu haikazi wanapandisha tu hadi mwisho wa geji. Hapana jamani. Mara nyingi shida ni mpira mwembamba, mpira mrefu mno, au kiungio kinachovuja. Paka maji ya sabuni kwenye viungio, utaona mapovu. Uvujaji pia ni bili, kompresa inawaka usiku kucha kujaza upepo unaopotea.

Kipimo cha kukazia anza nacho chini. Chukua kipande cha mbao au aluminiamu cha kutupa, funga skurubu, panda kidogokidogo mpaka kichwa kikae sawa bila kuzama. Ukianza juu utavunja skurubu, au kifundo cha mkono wako ndicho kitapokea mzunguko wote skurubu ikigota. Simama imara, mkono usinyooke kabisa.

Kubadilisha ncha: funga upepo, chomoa mpira, bonyeza kitufe kimalize upepo uliobaki, ndipo uguse ncha. Kila mara. Hata ukicheleweshwa. Glavu za kitambaa zinazopwaya zivue, mikono ya shati kunja, na dada zetu wanaofanya karakana, mtandio ufungwe nyuma.

Miwani hata kama ni skurubu moja. Ncha inavunjika, chembe ya aluminiamu inaruka, na jicho halina spea. Masikio pia, mlio wa hizi mashine siku nzima unakula usikivu taratibu bila wewe kujua.

Kuna tabia moja tunayoichukia kuliko zote, na iko kila warsha, Ghuba na nyumbani: saa ya kutoka watu wanajipuliza vumbi nguoni kwa mpira wa upepo, wanapulizana kwa utani. Upepo wa presha ile unaweza kutoboa ngoma ya sikio, kusukuma chembe ndani ya jicho, na penye kidonda kuingia mwilini. Huko Marekani kanuni za usalama kazini zinataka upepo wa kusafishia kazini usizidi psi 30, na hata hapo kuwe na kinga na miwani. Sasa wewe una 90 na unamwelekezea mwenzako mgongoni. Nunua brashi.

Jioni, funga kompresa, toa upepo, fungua koki ya chini ya tangi umwage maji. Muscat mwezi wa saba, Mombasa, Zanzibar, Dar, hewa ni maji matupu, utashangaa kinachotoka. Fundi asiyemwaga maji anaozesha tangi alilonunuliwa na dada yake.

Sasa tujibu lile swali ambalo mlioko saiti mnatuuliza: "Nikimwambia bosi sina miwani si atanirudisha?" Hatuwezi kuwaambia uongo kwamba kila mahali ukisema utasikilizwa. Wengine mko chini ya kafili, visa iko mkononi mwake. Lakini sheria iko upande wenu zaidi ya mnavyodhani. Uingereza mwajiri haruhusiwi kukutoza vifaa vya kujikinga. Marekani vingi vyake analipa yeye. Oman na Imarati pia jukumu la vifaa vya usalama ni la mwajiri. Na kuna njia ya kusema isiyomvunjia mtu heshima. Usianze na "sifanyi". Anza na "nionyeshe hii inafungwaje nisije nikaiharibu". Msimamizi anayeogopa mashine kuharibika atakuonyesha haraka kuliko anayeambiwa habari ya kidole chako. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyo. Na kama miwani hawatoi kabisa, nunua yako wiki hii hii, kabla ya kutuma. Nyumbani watavumilia pungufu ya miwani, hawawezi kuvumilia pungufu ya jicho. Piga picha ya risiti uitunze, na ukiumia andika tarehe, saa na waliokuwepo, siku ileile.

Tukirudi kwa dada yetu wa Muscat: alimpigia kaka yake, akamuuliza presha ni ngapi, maji ya tangi yanatolewa wapi, na ncha inabadilishwaje. Kaka akanyamaza, halafu akacheka, akasema atauliza. Siku nne baadaye akarudi na jibu lingine kabisa. Kuna mtu ana warsha ya fenicha, yuko tayari ajifunze kwake miezi mitatu, ila anataka nauli ya kwenda na kurudi na hela ya chakula cha mchana. Dada anatuuliza kama hiyo ni bora kuliko kompresa. Tumemwambia atume nauli ya mwezi wa kwanza, na ya pili asitume mpaka aone picha yake akiwa kazini, amevaa miwani.