Benki zisimtwike mteja mzigo wa ulinzi

Wateja wa benki katika nchi nyingi wamezoea ujumbe wa aina moja. Mtu anapofungua tovuti ya benki yake ili atazame salio au alipe karo ya mtoto, hukutana kwanza na kisanduku kinachomwambia kwamba, kwa usalama wake, inafaa apakue na kusakinisha programu ya ziada ya ulinzi katika tarakilishi yake. Ujumbe huo huandikwa kwa adabu. Una "tafadhali", una picha ya kufuli au ngao, na chini yake aghalabu pana kitufe kikubwa cha kukubali na kingine kidogo, chenye rangi hafifu, cha kuahirisha. Sisi tunaofundisha isimu tuna mazoea ya kuyachokonoa maneno ambayo wengine huyapita tu, na katika ujumbe huo yapo mawili ambayo hayaniondoki akilini: "sakinisha" na "usalama wako".

Nianze na hilo la kwanza. Kitenzi sakini kimo katika lugha yetu tangu zamani, nacho chatokana na Kiarabu. Maana yake ni kukaa mahali, kuishi. Ilipohitajika istilahi ya kueleza kitendo cha kuingiza programu katika tarakilishi, kitenzi hicho kikatiwa kiambishi cha kusababisha, tukapata sakinisha, yaani kumfanya mtu au kitu kiwe mkaazi. Istilahi nyingi za teknolojia zimeundwa kwa pupa, lakini hii ililenga shabaha. Programu ya ulinzi haiji ikabisha hodi, ikatoa huduma kisha ikaaga. Huhamia. Huamka tarakilishi inapowashwa, hutazama kinachochapwa, hukagua tovuti zinazofunguliwa, na ili iweze kuyatenda hayo hupewa mamlaka makubwa kuliko programu za kawaida. Ikiwa ina kasoro, basi kasoro hiyo nayo imesakini humo humo.

Nchini Uingereza, benki kubwa kadhaa, zikiwamo HSBC na NatWest, ziliwahimiza wateja wao kwa miaka mingi waisakinishe programu iitwayo Rapport. Iliundwa na Trusteer, kampuni ya Israeli iliyokuja kununuliwa na IBM mwaka wa 2013. Mteja hakutozwa chochote. Nia ilikuwa njema, maana wakati huo virusi vya kunasa herufi zinazochapwa vilikuwa vimewaliza watu wengi, na miongoni mwavyo kimoja kilichoitwa Zeus kilikuwa na sifa mbaya dunia nzima. Lakini mnamo 2011 wezi waliokitumia Zeus walibuni hila ambayo ingalipaswa kuzinyima benki usingizi. Kirusi kilichokuwa tayari ndani ya tarakilishi kilimwonyesha mteja, alipokuwa akiingia katika akaunti yake, agizo la kusakinisha "programu ya ulinzi" katika simu yake ya Android. Programu yenyewe ilijifanya kuwa Rapport. Mteja alipotii, namba za siri ambazo benki ilimtumia kwa ujumbe mfupi zilikwenda moja kwa moja kwa wezi.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Agizo la benki na agizo la mwizi ni sentensi moja. Zote mbili zina kitenzi cha kuamuru kilichopakwa asali ya "tafadhali", zote zinataja hatari isiyoonekana, zote zinaahidi usalama, zote zinataka utii wa papo hapo. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne akipewa sentensi hizo bila kuonyeshwa mwandishi wake, hana kigezo cha kisarufi wala cha kimtindo cha kuzitenganisha. Sembuse mzazi aliyeko dukani, mtoto kashika mkono, foleni ndefu nyuma yake! Kila mara benki inapomfundisha mteja kutii agizo la kusakinisha, inamfanyisha mazoezi ya somo ambalo mwizi atalitahini.

Anayetaka kuona somo hilo likifundishwa kwa taifa zima na aitazame Korea Kusini. Katika miaka ya 1990, sheria za Marekani zilizuia kuuzwa nje kwa mifumo madhubuti ya kufumba ujumbe, hivyo programu za kuvinjari mtandao zilizopelekwa ng'ambo zilikuwa na funguo dhaifu za biti 40. Wakorea, kwa haki kabisa, walikataa kulinda fedha zao kwa kufuli ya watoto. Shirika lao la usalama wa habari likaunda mfumo wa kienyeji ulioitwa SEED, wenye ufunguo wa biti 128. Tatizo ni kwamba programu za kuvinjari hazikuufahamu mfumo huo. Dawa ikawa kumpa mteja kiongezo cha kusakinisha, kwa njia ya ActiveX, teknolojia iliyofanya kazi katika Internet Explorer ya Microsoft. Marekani ililegeza masharti yake mwaka wa 2000. Sababu ikafa, mazoea yakabaki.

Yalibaki na kuzaana. Juu ya cheti cha kielektroniki, mteja wa Korea alitakiwa kusakinisha programu ya kulinda kibodi, nyingine ya kuzuia wavamizi, na hata nyingine ambayo kazi yake ilikuwa kuzisakinisha hizo nyingine. Watu walijifunza kubofya "kubali" bila kusoma, kwa kuwa asiyebofya hakulipwa wala hakulipa. Mwaka wa 2014 jambo hilo lilifika mezani kwa Rais wa wakati huo, Park Geun-hye, ambaye alilalamika hadharani kwamba mashabiki wa Kichina wa tamthilia moja ya televisheni walitaka kununua koti alilovaa mhusika mkuu wa kike, nao wakashindwa kulipa kwa sababu ya vizingiti hivyo. Ni ajabu, tena ni ya kuchekesha kidogo, kwamba kilio cha raia kwa miaka kumi na ushei hakikusikika kama kilivyosikika kilio cha koti. Hatimaye, Desemba 2020, vyeti hivyo rasmi viliondolewa hadhi yake ya pekee kisheria.

Programu zenyewe hazikuondoka. Mapema mwaka wa 2023, mtafiti Wladimir Palant alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa programu ambazo benki za Korea zilikuwa bado zinazidai. Mojawapo, TouchEn nxKey, ilikusudiwa kuzuia unasaji wa herufi kwenye kibodi. Palant alionyesha kwamba tovuti yoyote yenye nia mbaya iliweza kuitumia programu hiyo hiyo kunasa herufi za mtumiaji. Kikulacho, waliotutangulia walikwisha sema, ki nguoni mwako. Wala hatari haikuwa ya kinadharia tu. Novemba 2020, kampuni ya ESET ilieleza jinsi kundi la Lazarus, linalohusishwa na Korea Kaskazini, lilivyopenya kwa kuitumia VeraPort, ile programu ya kusakinisha programu nyingine. Mwaka wa 2023 idara ya ujasusi ya Korea Kusini yenyewe ikatangaza kwamba wadukuzi kutoka kaskazini walitumia kasoro katika programu nyingine ya usalama wa huduma za fedha, iliyokuwa imesakini katika tarakilishi zaidi ya milioni 10. Adui hakuhitaji kuvunja mlango wa mtu. Aliingia kwa ufunguo uliogawiwa na mlinzi.

Najua watetezi wa benki watasema nini, na sehemu ya hoja yao ni ya kweli. Benki haiwezi kuingia sebuleni mwa mteja na kumsafishia tarakilishi. Mteja anayepakua sinema za wizi usiku na kulipia bidhaa asubuhi kwa mashine ile ile anajitia hatarini, na hasara yake huishia kuwa kesi mezani kwa benki. Aidha, programu ya ziada imewahi kuwaokoa wengi. Sikatai. Nakataa kunyamaziwa kwa swali linalofuata: ikiwa nimeisakinisha na bado nikaibiwa, nani atalipa? Na ikiwa sikuisakinisha?

Swali hilo lina historia. Ross Anderson, msomi wa Cambridge aliyefariki mwaka wa 2024, alichunguza wizi katika mashine za kutolea fedha tangu mapema miaka ya 1990. Aligundua tofauti kubwa kati ya nchi mbili. Marekani, mteja alipokana kwamba ndiye aliyetoa fedha, benki ilipaswa ithibitishe ama irudishe. Uingereza, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mteja. Mtu angetarajia benki za Uingereza ziwe ndizo zilizopata nafuu, lakini kwa mujibu wa Anderson zilizembea, maana malalamiko hayakuziuma. Afisa mmoja wa polisi wa Uingereza alilalamika mwaka wa 1992 kwamba fedha zimetoka katika akaunti yake bila yeye kujua. Waliomtunzia fedha hizo walishikilia kwamba mitambo yao haikosei, na mlalamikaji akageuzwa mshtakiwa: mwaka wa 1994 alipatikana na hatia ya kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Alifutiwa hatia hiyo kwa rufani mwaka wa 1996, baada ya wenye mitambo kukataa mtaalamu wa utetezi aikague.

Programu ya ulinzi inayopendekezwa kwa hiari huongeza mstari mmoja tu katika fomu ya malalamiko: je, ulikuwa umeisakinisha? Mstari huo mmoja watosha kuugeuza ushauri kuwa sharti, na mwathiriwa kuwa mzembe.

Hapa ndipo lile neno la pili, "usalama wako", linapohitaji kukaguliwa. Kiswahili kina neno zuri la fedha anazoweka mtu benki: amana. Ni neno la ukoo mmoja na imani, amini na mwaminifu. Amana ni kitu ambacho mtu amemkabidhi mwenziwe akitunze. Katika mila za pwani, zilizochota katika sheria ya Kiislamu, aliyepokea amana hadaiwi kama imepotea bila yeye kuzembea, akizembea, hulipa. Swali la kwanza baada ya hasara huwa ni jinsi mtunzaji alivyotunza. Ujumbe wa benki, kwa kirai kidogo tu cha "usalama wako", unalihamisha swali hilo hadi kwa mwenye mali. Kivumishi kimilikishi kimefanya kazi ambayo wakili angelipwa kuifanya.

Humu nchini tumewahi kuona njia nyingine. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mteja wa kawaida hakuambiwa atafute programu ya ulinzi. Menyu ilikuja ndani ya kadi ya simu. Na huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kubatilisha, imewekwa upande wa mwenye mtambo. Mteja hakusakinisha lolote. Sisemi kwamba ulaghai umekwisha, kwani sote twajua wanaopiga simu wakijifanya wahudumu. Nasema kinga hiyo haikumtaka mteja ajizoeze kutii maagizo ya watu asiowaona. Zipo kinga nyingine za upande huo huo, kama vile kuchelewesha malipo makubwa yanayokwenda kwa mpokeaji mpya, au kupiga simu pale akaunti ya mwalimu mstaafu inapoanza ghafla kutuma fedha usiku wa manane. Zinaigharimu benki, na hiyo ndiyo sababu programu ya bure huonekana tamu zaidi. Uingereza imejifunza jambo: tangu Oktoba 2024, aliyerubuniwa akatuma fedha zake kwa tapeli hurudishiwa, isipokuwa katika hali chache, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea.

Lipo pia suala la lugha ya ujumbe wenyewe. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Masharti ya programu yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, kurasa kumi kwa herufi za mchwa, hayamhabarishi fundi wa Gikomba wala mkulima wa Kitale. Yanamfumba macho kisha yanaomba sahihi yake.

Walimu, ambao majirani huwaletea simu zao wasomewe ujumbe wa kutatanisha, wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Ujumbe wa aina hiyo utakapowafikia, waupeleke darasani, wanafunzi wauchambue: nani anaamuru, nani anatenda, kivumishi "wako" kimemwelekea nani. Kisha nakala moja waipeleke kwa meneja wa tawi pamoja na swali lililoandikwa: programu hii ikishindwa, hasara ni ya nani? Jibu nalo lidaiwe kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri, na liwe kwa Kiswahili.