Liemba ilipita Pugu kwa treni
Mwenye boti kuukuu ya alumini inayovuja kwenye ribiti asiiuze kama chuma chakavu kabla ya kuikumbuka Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa Reli ya Kati, hii hii inayopita Pugu, hadi Kigoma.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Hao walikuwa mafundi kweli! Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini.

Boti ya alumini ina nafuu zaidi: haishiki kutu kama chuma, na ribiti zilizolegea hugongwa upya. Isipakwe tu rangi yenye shaba, maana huila.